Uzi: Angahewa, matabaka yake, na jinsi kaskazi na kusi zinavyozaliwa

Wanajukwaa, salaam.

Vitabu vingi vya jiografia tulivyosomea shuleni huweka matabaka ya angahewa katika sura moja na upepo katika sura nyingine. Mwanafunzi hukariri majina matano ya matabaka kwa ajili ya mtihani, kisha hukariri pepo za msimu kwa ajili ya mtihani mwingine, bila kuambiwa kwamba mambo hayo mawili ni habari moja. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba upepo unaovuma Lamu, Mombasa, Tanga au Kilwa hauwezi kueleweka vizuri mpaka mtu ajue kwamba hewa inayopanda juu ya ikweta hugonga dari kwenye kimo cha kilomita 16 au 17, na kwamba dari hiyo imekazwa na gesi iliyo haba kupita kiasi. Nitaanza na hewa yenyewe, nitapita haraka kwenye matabaka ya mbali, kisha nitakaa kwenye upepo, ambako ndiko kwenye mengi ya kusema. Maswali yakija nitayajibu humuhumu.

Hewa kavu ni naitrojeni kwa asilimia 78, oksijeni kwa asilimia 21 hivi, na agoni kwa asilimia 0.93. Hewa ukaa, pamoja na kelele zote zinazopigwa juu yake, imevuka kidogo tu asilimia 0.04. Mvuke wa maji hauingizwi katika hesabu hiyo kwa kuwa kiasi chake hubadilika mno: jangwani hukaribia kutokuwepo kabisa, na katika joto la Dar es Salaam mwezi wa Machi huweza kufika asilimia 3 ya hewa yote. Hewa hiyo ina uzito, na si uzito mdogo. Kila mita moja ya mraba iliyo usawa wa bahari imebeba tani kumi hivi za hewa, nasi hatuuhisi mzigo huo kwa sababu hewa husukuma kutoka kila upande na miili yetu husukuma kutoka ndani kwa nguvu ileile. Uzito huo ndio unaoitwa mgandamizo wa hewa, ambao wastani wake usawa wa bahari ni hektopaskali 1,013.

Kwa kuwa hewa hugandamizwa na uzito wake yenyewe, sehemu kubwa imejazana chini. Nusu ya angahewa yote ipo chini ya kimo cha kilomita 5.5. Kilele cha Kibo kina mita 5,895, kwa hiyo anayefika pale Uhuru ameacha zaidi ya nusu ya hewa ya dunia chini ya miguu yake. Wapo wanaosema kwamba mlimani oksijeni huisha. Ukweli ni kwamba uwiano wake hubaki asilimia 21 uleule, na kinachopungua ni hewa nzima, hivyo kila pumzi huingiza kidogo.

Tabaka la chini kabisa huitwa troposfia, na ndilo lenye mawingu, mvua, radi, ukungu na karibu mvuke wote wa maji. Katika tabaka hili joto hupungua kadiri unavyopanda, kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita. Swali la kwa nini kilele cha mlima kiwe na barafu ilhali kimelikaribia jua huulizwa kila mwaka, na jibu lake ndilo ufunguo wa mengine yote. Mwanga wa jua hupenya hewa bila kuipasha sana. Huipasha ardhi na bahari, na hizo ndizo zinazoipasha hewa kutoka chini. Ukilinganisha na umbali wa jua, ambao ni kilomita milioni 150, zile kilomita sita za Kilimanjaro si chochote.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita kwa haraka ni kwamba troposfia haina unene mmoja. Juu ya ncha za dunia huishia kwenye kilomita 8 au 9, na juu ya ikweta hufika 16 au 17. Ndege kubwa za abiria huruka kati ya kilomita 10 na 12, kwa hiyo ndege inayopita kaskazini mwa Ulaya wakati wa baridi huweza kuwa tayari imetoka nje ya troposfia na kupita juu ya hali mbaya ya hewa, ilhali ndege ya kimo hichohicho inayopita juu ya Ziwa Victoria bado imo ndani yake, na mawingu ya radi huizidi kimo kwa kilomita kadhaa. Rubani hapo hana njia ya kupita juu, huyazunguka. Tena, kwa kuwa hewa ya ikweta huendelea kupoa kwa kilomita nyingi zaidi, kilele cha troposfia yetu hufikia nyuzi 80 chini ya sifuri, baridi kali kuliko kilele cha troposfia ya Ulaya. Mtu akitafuta mahali pa baridi kali katika kilomita 20 za kwanza za angahewa, basi ikweta ni miongoni mwa mahali pa kwanza pa kutazama.

Juu ya hapo joto huacha kushuka. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1902 na Léon Teisserenc de Bort, Mfaransa aliyekuwa akirusha maputo yenye vipimajoto kutoka Trappes, karibu na Paris, na mwaka huohuo Richard Assmann wa Berlin akatangaza matokeo ya namna hiyo. Teisserenc de Bort mwanzoni alishuku kwamba jua lilikuwa likivipasha vipimajoto vyake, ndipo akaanza kurusha maputo usiku, matokeo hayakubadilika. Tabaka hilo jipya ndilo stratosfia, inayofika kimo cha kilomita 50, na joto lake huongezeka kuelekea juu mpaka hukaribia sifuri. Sababu ni gesi ya ozoni. Hata pale ilipo nyingi zaidi haifiki sehemu kumi katika milioni moja ya hewa, lakini hufyonza miale ya urujuanimno ya jua na kuigeuza kuwa joto, na hivyo hewa ya huko hupashwa na jua moja kwa moja badala ya kupashwa na ardhi.

Sasa tazama matokeo yake. Hewa inayopanda kutoka chini hufika mpakani ikiwa imepoa sana, inakuta hewa iliyo juu yake haipoi tena bali inazidi kupata joto, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, haiwezi kuendelea kupanda. Hapo ndipo penye dari niliyoitaja. Inaonekana kwa macho: wingu kubwa la radi hupanda mpaka mahali fulani, kisha kichwa chake husambaa na kuwa bapa. Ubapa ule ni alama ya mwisho wa troposfia, na mtu aliyesimama umbali wa kutosha jioni anaweza kuuona bila chombo chochote.

Matabaka yaliyobaki nayapitia kwa kifupi, kwa kuwa hayana mkono mkubwa katika upepo wetu. Mesosfia, kati ya kilomita 50 na 85 hivi, hupoa tena mpaka nyuzi 90 chini ya sifuri, na huko ndiko vimondo vingi huungulia. Juu yake ni themosfia, ambamo kituo cha kimataifa cha anga huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Hewa ya huko huhesabiwa kuwa na joto la mamia ya nyuzi, lakini chembe zake ni chache mno kiasi kwamba joto hilo lisingemchoma mtu. Humo pia mna chembe zenye chaji ya umeme ambazo hurudisha chini mawimbi mafupi ya redio, na ndiyo maana matangazo ya Kiswahili ya BBC na Deutsche Welle yaliweza kusikika Afrika Mashariki kutoka Ulaya. Eksosfia ndiyo ya mwisho, na haina mpaka unaoeleweka. Hewa hupungua tu mpaka inakuwa si hewa tena.

Turudi chini, kwenye upepo.

Tunaambiwa kwamba upepo ni hewa inayotoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Maelezo hayo ni sahihi, ila yameacha maswali mawili makubwa: mgandamizo hutofautianaje, na kwa nini hewa haifuati njia iliyonyooka.

Swali la kwanza hujibiwa mara nyingi kwa maneno "hewa moto hupanda", na jibu hilo huruka hatua. Jua likiipasha nchi kavu, safu ya hewa iliyo juu yake hutanuka kwenda juu, lakini uzito wake bado ni uleule, kwa hiyo mgandamizo wa chini haujabadilika. Kinachobadilika kwanza ni kule juu: ukichukua kimo kimoja, tuseme mita 1,000, juu ya nchi kavu iliyopata joto kuna hewa nyingi zaidi iliyosukumwa kupita kimo hicho kuliko juu ya bahari. Hewa hiyo ya juu huanza kuelekea baharini. Ni baada ya kuondoka kwake ndipo safu ya nchi kavu hupungukiwa uzito, mgandamizo wa chini hushuka, na hewa ya baharini huingia kwa chini. Huo ndio upepo wa bahari wa mchana, na usiku mambo hugeuka, kwa sababu nchi kavu hupoa upesi kuliko maji.

Swali la pili lina jibu katika mzunguko wa dunia. Aliye kwenye ikweta hubebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Aliye kwenye latitudo ya nyuzi 60 hubebwa kwa nusu ya kasi hiyo. Hewa inayotoka latitudo za juu kwenda ikweta huja na mwendo mdogo wa kuelekea mashariki kuliko ardhi inayoikuta, kwa hiyo huonekana kubaki nyuma, yaani kuvuma kutoka mashariki. George Hadley, mwanasheria wa London, aliandika wazo hili mwaka 1735 alipotaka kueleza pepo za biashara za Atlantiki. Hesabu kamili ya nguvu yenyewe ilitolewa na Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis mwaka 1835. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kaskazini mwa ikweta hewa inayosafiri hupinda kuelekea kulia kwake, kusini mwa ikweta hupinda kuelekea kushoto kwake, na kwenye ikweta yenyewe haipindi.

Sasa unganisha na ile dari. Karibu na ikweta hewa yenye joto na unyevu hupanda katika eneo ambalo watabiri wetu huliita ukanda mvua. Hupanda mpaka kilomita 16 au 17, inazuiwa, na kwa kuwa hewa nyingine inazidi kuja kutoka chini, haina budi kusambaa kuelekea kaskazini na kusini. Inapofika karibu na latitudo ya nyuzi 30 huanza kushuka, na hewa inayoshuka hugandamizwa, hupata joto na kukauka. Ndiyo maana Sahara na jangwa la Arabuni ziko zilipo. Kutoka huko hurudi ikweta kwa njia ya chini, ikiwa imepinda. Duara hilo limepewa jina la Hadley. Hivyo basi, upepo tunaouhisi usoni ni nusu ya chini ya mzunguko ambao nusu yake ya juu inatambaa chini ya dari, kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu.

Kama dunia ingekuwa bahari tupu, tungekuwa na pepo za biashara zisizobadilika sana mwaka mzima. Pwani yetu ni tofauti kwa sababu Bahari ya Hindi, upande wa kaskazini, imefungwa na bara kubwa kuliko yote. Kuanzia Desemba hadi Machi bara la Asia hupoa, mgandamizo wake huwa mkubwa, ukanda mvua huwa umeshuka kusini mwa ikweta, na hewa humiminika kutoka Arabuni na India kuja kwetu. Hiyo ndiyo kaskazi. Inatoka kaskazini mashariki kwa sababu imepinda kulia, lakini ikishavuka ikweta kanuni hugeuka: huanza kupinda kushoto, na ikifika kusini mwa Tanzania na Msumbiji huvuma zaidi kutoka kaskazini, hata kaskazini magharibi. Nguvu yake nayo hupungua inapokaribia ukanda mvua. Wanahistoria wa pwani hulitumia jambo hili kueleza ukuu wa Kilwa: chombo kilichotoka Uarabuni au Gujarat kingeweza kufika Kilwa na kurudi kwa msimu mmoja, lakini kwenda mbali zaidi, mpaka Sofala kwenye pwani ya Msumbiji, kulihitaji kusubiri na kubadilisha vyombo. Dhahabu ya kusini ililazimika kupita mikononi mwa watu wa Kilwa kwa sababu ya jiometria ya upepo.

Kusi ni kubwa zaidi. Kuanzia Aprili, mgandamizo mkubwa unaokaa karibu na visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius na Réunion, husukuma hewa kuelekea kaskazini magharibi, huku Pakistani na kaskazini magharibi mwa India zikichomwa na jua na mgandamizo wake ukishuka sana. Hewa hiyo hufika pwani yetu, hukuta nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zimesimama kama ukuta, na haina njia isipokuwa kugeukia kaskazini kandokando ya ukuta huo. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alichapisha maelezo ya mkondo huo wa upepo, wenye kiini kwenye kimo cha kilomita 1.5 hivi, ambao hupita kaskazini mwa Madagaska, hukata ikweta katika eneo la Kenya, hupita Somalia na kuingia Bahari ya Arabia. Mwezi wa Julai kasi ya wastani ya kiini hicho hufikia kilomita 50 kwa saa au zaidi. Baada ya kuvuka ikweta hupinda kulia na kuwa upepo wa kusini magharibi, ule unaoleta mvua kuu za India. Mkulima wa Kerala anaposubiri mvua ya Juni, anasubiri hewa ambayo sehemu yake kubwa imepitia kwetu.

Hapa mtu mwangalifu atauliza: ikiwa kusi inatoka baharini, mbona Juni hadi Agosti mvua huwa haba sehemu nyingi za Kenya na Tanzania? Jibu ni kwamba upepo huo huenda sambamba na pwani badala ya kuingia bara, tena huongeza kasi kadiri unavyokwenda kaskazini. Upepo unaoongeza kasi huondoa hewa kwa wingi kuliko inavyoletwa, hivyo hewa ya juu hushuka kujaza pengo, na hewa inayoshuka haitengenezi mawingu ya maana. Upepo huohuo husukuma maji ya juu ya bahari ya Somalia kwenda mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini huibuka mahali pake. Karibu na Ras Hafun bahari inaweza kuwa chini ya nyuzi 20 katikati ya mwaka, jambo la ajabu kwa bahari iliyo nyuzi kumi tu kutoka ikweta.

Manahodha walijua tabia hizi bila kipimahewa. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi ama inapoanza, Aprili na Mei, ama inapolegea wakati wa demani, Agosti na Septemba. Juni na Julai hawakuthubutu, kwa kuwa Bahari ya Arabia huchafuka mno na bandari za magharibi mwa India zilikuwa zikifungwa.

Kuna tawi moja la upepo huu ambalo halikutambuliwa mpaka wataalamu wa hali ya hewa J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walipoandika juu yake mwaka 1982. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uchochoro, na hewa ya kusini mashariki ikiingia humo hubanwa na kuharakishwa. Ndani ya uchochoro huo, katika eneo la Loiyangalani kaunti ya Marsabit, zimesimikwa mashine 365 za kufua umeme wa upepo zenye uwezo wa megawati 310. Hazikuwekwa pale kwa bahati.

Nasimama hapa kwa sasa. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji kutoka Mwanza: Mkuu, shukrani kwa uzi. Huku kwetu wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zao, na dhoruba mbaya mara nyingi huwakuta usiku wa manane au alfajiri. Huku nchi kavu mvua ya radi tumeizoea zaidi alasiri. Je, ziwa lina sheria zake?

Mkuu, sheria ni zilezile, isipokuwa ziwa lenu limezipa nafasi isiyo ya kawaida. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na umbo lake linakaribia duara. Usiku nchi kavu inayolizunguka hupoa ilhali maji hubaki na joto, kwa hiyo upepo wa nchi kavu hutoka pande zote, Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe, Bukoba, na kuelekea katikati. Kwenye pwani ya bahari upepo huo husafiri kwenda mbele na kupotea. Ziwani hukutana uso kwa uso na upepo mwingine wa namna yake, na hewa iliyokutana hivyo haina pa kwenda ila juu. Inapopanda imebeba mvuke mwingi wa maji ya uvuguvugu, na hapo ndipo mawingu ya radi hufumuka mpaka kwenye dari. Mvuvi wa usiku yuko katikati ya mahali ambapo pepo zote zimeahidiana kukutana.

Ongeza kwamba juu ya eneo lote kuna upepo wa kawaida unaotoka mashariki, ambao huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na Musoma, iliyo ng'ambo ya pili ya maji yaleyale, haifikii nusu yake. Mchana mzunguko hugeuka: upepo wa ziwa huingia nchi kavu, hupanda miinuko ya Kericho na Nandi, na alasiri huangusha mvua ya mawe ambayo wakulima wa chai wa huko wanaijua kuliko watu wengi duniani. Ushauri wangu kwa ndugu zetu wavuvi ni kuyatazama mawingu ya mashariki mwao kabla ya kutoka na kuufuatilia utabiri wa ziwa kila jioni, kwa kuwa wingu lililokwisha kufumuka hukimbia kuliko mtumbwi.

Mchangiaji kutoka Mafia: Ndugu mwandishi, umesema kwenye ikweta hewa haipindi. Pale Nanyuki vijana huwaonyesha watalii maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili, hatua chache tu kutoka ikweta. Hilo ni kweli? Na kama nguvu hiyo ni ndogo hivyo karibu na ikweta, mbona tufani Hidaya ilitufikia?

Ndugu yangu, yale ya Nanyuki ni maonyesho, na ninawatakia vijana wale riziki njema. Hatua chache kutoka ikweta nguvu ya kupinda ni ndogo kiasi cha kutoweza kuyaamuru maji ya karai. Yanazunguka kufuatana na namna yalivyomiminwa na namna karai lilivyoshikwa. Nguvu hiyo huhitaji umbali wa mamia ya kilomita na muda wa saa nyingi ili ionekane.

Tufani ina vyote viwili, umbali na muda, lakini bado inahitaji iwe mbali kidogo na ikweta. Kwa kawaida hazizaliwi ndani ya nyuzi tano za latitudo, kwa sababu hewa inayokimbilia katikati isipopinda huingia moja kwa moja na kuujaza mgandamizo mdogo kabla haujakomaa. Mombasa ipo nyuzi 4 kusini, na hilo limeikinga. Unguja ipo nyuzi 6, Mafia karibu nyuzi 8, Lindi nyuzi 10. Ninyi mmo ukingoni mwa eneo la hatari, wala hamko nje yake. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mashamba ya karafuu na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Tarehe 15 Aprili 1952 nyingine iliingia Lindi. Kenneth ilipita Komoro na kuingia kaskazini mwa Msumbiji mwezi wa Aprili 2019, na Hidaya ikaja kwenu Mei 2024.

Angalia miezi hiyo: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Ni kipindi cha tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Bahari imepata joto la kaskazi yote, na upepo wa chini hauna nguvu ya kuipasua tufani inayoanza kujijenga. Kusi ikishakomaa, bahari hupoa, na mkondo mkali wa chini pamoja na upepo wa kinyume wa juu hukikata kilele cha wingu kutoka kwenye shina lake. Kwa hiyo upepo uleule uliowazuia manahodha wasisafiri Julai ndio unaowakinga ninyi.

Mchangiaji mwingine: Mkuu, umeishia kwenye dari. Juu yake kuna upepo au pametulia tu?

Upepo upo, tena una historia inayotuhusu. Mlima Krakatoa wa Indonesia ulipolipuka tarehe 27 Agosti 1883, vumbi na moshi wake vilipenya mpaka stratosfia na kuizunguka dunia karibu na ikweta kwa muda wa wiki mbili hivi, vikielekea magharibi. Wataalamu wakahitimisha kwamba juu ya ikweta huvuma upepo wa mashariki, na wakaupa jina la mlima huo. Mwaka 1908 ujumbe wa Wajerumani kutoka kituo cha Lindenberg, ukiongozwa na Arthur Berson, ulikuja Ziwa Victoria kurusha maputo ya kupimia. Walithibitisha kwamba juu ya ikweta troposfia ni ndefu na kilele chake ni baridi mno, lakini walikuta pia jambo ambalo halikutarajiwa: kule juu upepo ulikuwa ukitoka magharibi. Kwa miongo mitano vitabu viliweka pepo zote mbili, moja juu ya nyingine, kila moja katika tabaka lake, ili pasiwe na ugomvi.

Ufumbuzi ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza walipoonyesha, kila mmoja kwa kazi yake, kwamba ni upepo mmoja unaogeuka. Hutoka mashariki kwa muda wa mwaka mmoja na ushei, kisha hutoka magharibi, na duru nzima huchukua miezi 28 hivi. Kila awamu huanzia juu sana, zaidi ya kilomita 30, na kushuka kwa kilomita moja hivi kwa mwezi mpaka inapofikia dari na kufifia. Krakatoa ililipuka katika awamu ya mashariki, Berson alirusha maputo katika awamu ya magharibi, na wote walisema kweli.

Kinachousukuma upepo huo ni mawimbi. Wingu la radi likigonga dari haliwezi kupita, lakini mtikisiko wake hupita, ukasafiri kwenda juu kama mawimbi ya hewa, na mawimbi hayo yakivunjika huko huachia nguvu inayobadilisha mwelekeo wa upepo. Richard Lindzen na James Holton walieleza jambo hili mwaka 1968. Dhoruba za Kongo, za Ziwa Victoria na za Indonesia zimo katika hesabu hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2016 duru hiyo ilikatizwa kwa mara ya kwanza tangu vipimo vya kila siku vianze mwaka 1953, mawimbi kutoka latitudo za kaskazini yalipoingia na kuzaa upepo wa mashariki katikati ya awamu ya magharibi, na kabla wataalamu hawajamaliza kubishana juu ya sababu, ikakatizwa tena katika msimu wa 2019 na 2020.